Satz na Kaseti ya Mama

Mume wangu hunywa kahawa asubuhi na kuacha mashapo kwenye chujio, na mwenye kuyamwaga ni mimi. Nimelalamika mpaka nimechoka. Mashapo yaliyopoa hayanukii kahawa. Yana uchachu fulani, yanakaribia udongo uliolowa, na harufu hiyo ikinipata mimi husimama pale kwenye sinki la nyumba yetu ya Woodbury, chujio mkononi, mpaka watoto waniulize kwa Kiingereza chao kama kuna tatizo. Nawaambia hakuna. Wana haraka ya basi la shule, na kisa chenyewe hakisimuliki mlangoni.

Kisa ni cha Saint Paul, huku huku Marekani, katika nyumba ya matofali ya ghorofa mbili yenye mabomba ya joto yaliyogongagonga kutwa utadhani kuna fundi bati amefungiwa ukutani. Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno. Baba alikuwa amekuja kusomea udaktari wa hisabati chuoni. Mama alibaki Morogoro kumalizia chuo cha ualimu, na bibi ambaye angenilea alikuwa amefariki, hivyo nikafungashwa pamoja na vitabu vya baba. Mpango ulikuwa mmoja, na niliujua kama ninavyolijua jina langu: mama akimaliza chuo, anakuja. Sikuwa na jambo jingine la kungoja duniani. Hata theluji ya kwanza ilipoanguka sikuifurahia sana. Niliona heri niiache mpaka mama aje, tuifurahie pamoja.

Shuleni hakuna aliyenionea, nisiwasingizie. Walinipita tu. Mwalimu alizungumza nami polepole na kwa sauti kubwa kama anayeongea na kiziwi, kisha akaenda kwa wengine. Wakati wa kula nilikaa mwisho wa meza nikimenya chungwa langu kwa utaratibu ili lichelewe kwisha, maana mtu anayemenya chungwa haonekani kwamba hana wa kuzungumza naye. Zilikuwapo siku ambazo neno langu la kwanza tangu asubuhi nilimwambia Bi Hedwig, na lilitoka likiwa na kutu.

Bi Hedwig alikuwa mjane wa Kijerumani aliyeishi chini yetu. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa mpanga herufi wa gazeti la Kijerumani hapo mjini, gazeti ambalo nalo lilikuwa limekwisha kufa. Baba alimfahamu kwa sababu ya koleo. Alimkuta ameinama kwenye ngazi za mbele anahangaika na theluji, akamnyang'anya koleo kwa adabu, na tangu siku hiyo ngazi zikawa za baba. Ilikuja kujulikana kwamba baba naye ana shida yake. Chuo kilimtaka mwanafunzi wa hisabati afanye mtihani wa kusoma lugha ya kigeni, apewe kurasa za kitabu cha hisabati azitafsiri, na kitabu alichopangiwa baba kilikuwa cha Kijerumani. Kiingereza, ambacho kwetu sisi kilikuwa kigeni tosha, hakikuhesabiwa. Baba alicheka kwa uchungu. Alisema Wajerumani walituachia neno shule na neno hela wakaondoka, na leo wamerudi kumsahihishia mtihani. Bi Hedwig aliposikia kwamba shule ni neno lao alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu.

Basi wakapatana. Baba atazoa theluji na kubeba mizigo ya dukani. Bi Hedwig atamfundisha Kijerumani, na mimi nitashinda kwake nikitoka shule. Siku ya kwanza baba alinisukuma mbele nimwamkie. Nikasema, "Shikamoo," kwa kuwa ndiyo salamu niliyokuwa nayo, na baba akamweleza yule mama namna ya kuipokea. Kuanzia hapo kila alasiri alinifungulia mlango na kuitikia "Marahaba" hata kabla sijaamkia, akiivuta ile r kooni kama anayesukutua.

Kwake kulinukia kahawa. Aliichemsha kwenye sufuria kwa mtindo wa kwao, akaiacha itulie, na akishakunywa alinionyesha kikombe. Chini kulikuwa na mashapo meusi. "Satz," aliniambia. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la Kijerumani. Sikushangaa, kila lugha ina neno la mashapo. Nilichoshangaa ni kwamba jioni ile, baba alipoteremka na kitabu chake, neno lile lile lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito juu ya ukurasa, likarudiwa ukurasa uliofuata, na uliofuata tena. Nikamuuliza kama kitabu chake ni cha kahawa.

Baba alikuwa mtu wa kueleza. Watu wa hisabati wakipata msikilizaji hawamwachii kirahisi, hata akiwa na mapengo mdomoni. Alinikalisha akaniambia kwamba kwenye kitabu hicho Satz ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, ambalo hata upite miaka elfu hakuna wa kulitengua. Bi Hedwig akaingilia kutoka jikoni kwamba kwa mwalimu wa lugha Satz ni sentensi tu, kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Kisha akakumbuka kwamba mumewe naye, akirudi kazini na vidole vyeusi, alikuwa akisema leo Satz ilikuwa ngumu, akiwa na maana ya zile herufi za risasi alizozipanga moja moja. Hapo paka wake akaruka kutoka dirishani mpaka juu ya bomba la joto, na yule mama akapiga paja lake kwa kicheko: na hiyo pia. Ule mruko nao ni Satz.

Nililipenda neno lile kwa mapenzi ya mtoto asiye na mwenzake wa kucheza naye. Niliona ni neno lisilofungia mtu nje. Nilikuwa nikitembea kutoka kituo cha basi nikiliweka kwenye vitu. Nyayo zangu kwenye theluji, Satz. Vijiko vya Bi Hedwig kwenye kisanduku chao, Satz; na hilo kumbe nilipatia, maana alisema seti nzima ya vitu vya jamii moja nayo huitwa hivyo. Lakini maana iliyokuja kunitawala ni moja, na niliipata ukumbini.

Bi Hedwig alikuwa akijitolea kuwapokea watu na kuwaonyesha viti kwenye matamasha ya chuo kimoja kidogo, na Jumapili moja mchana alitupatia viti viwili, mimi na baba. Nilivaa gauni alilonishonea mama. Juu yake nilivaa sweta mbili, kwa hiyo hakuna aliyeliona. Muziki ulianza, na sitajifanya kwamba niliuelewa. Nilichoelewa ni kwamba watu wote wale walikuwa wakifanya jambo gumu kwa pamoja bila kukosea. Waliponyamaza, nikafanya tulivyozoea kufanya darasani Morogoro mtu akipata jibu ubaoni. Tulikuwa na makofi yetu, matatu ya haraka, kisha moja la kufunga, na aliyepatia asipopigiwa huona kwamba hakupatia. Nikayapiga yote manne, kwa nguvu.

Hakuna aliyeniunga mkono. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu wanakohoa na kujiweka sawa vitini, na vichwa kadhaa vikageuka. Baba alitazama viatu vyake. Bi Hedwig, aliyekuwa amekaa pembeni yangu baada ya kumaliza kuonyesha viti, alichukua mikono yangu yote miwili akaifungia ndani ya yake. Mikono yake ilikuwa na joto na ilinukia kahawa. Akaninong'oneza kwamba bado, hii ni Satz ya kwanza tu, mwendo mmoja wa muziki. Kuna mingine inakuja. Kimya hiki si mwisho. Tunangoja.

Nilimuuliza, nikijitahidi nisilie, kwamba sasa mtu atajuaje mwisho ukifika. Akanionyesha kiongozi wa wapigaji, bwana mwenye koti refu aliyetupa mgongo. "Tazama mikono yake," alisema. "Akiishusha, akageuka kututazama, ndiyo imekwisha."

Nilimtazama bwana yule mpaka macho yakaniuma. Kila mwendo ulipokwisha mikono yake ilibaki juu kidogo, na watu wakangoja, nami nikangoja nao, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilijiona nimo ndani ya jambo. Mwishoni akaishusha, akageuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga. Sikuwa nimenuna, ila sikutaka iishe.

Sasa niwaambie kuhusu kaseti. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuambiwa. Simu ilikuwa ghali, na kule Morogoro mama aliipokelea nyumba ya jirani, barua zilichelewa, kwa hiyo watu walijirekodi kwenye kaseti na kumpa msafiri. Mama alikuwa akinitumia zake kupitia wanafunzi waliotoka Dar. Zilifika zimefungwa kwenye gazeti, na gazeti lenyewe lilinukia mdalasini kwa kuwa alizipakia pamoja na viungo. Nilizisikiliza kwenye redio kaseti ya baba, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya zulia. Mama hakuwa na mpangilio. Alinieleza habari za jirani, akamfukuza kuku, akaimba kidogo, akanikumbusha kupaka mafuta miguuni. Nyuma yake nilisikia sufuria, redio ya mtu, mvua juu ya bati. Nilikuwa nikizijua kaseti hizo kwa moyo kiasi kwamba nilimjibu mama kabla hajauliza, na jibu langu lilitosha pale pale aliponyamaza.

Ya mwisho ililetwa na kijana aliyekuwa na haraka ya ndege nyingine. Upande wa kwanza ulikuwa kama kawaida, labda sauti ya mama ilikuwa na mafua. Upande wa pili alianza kuniuliza kama ninakumbuka wimbo fulani wa shule, kisha akakatisha. "Ngoja, mwanangu, kuna mtu anapiga hodi. Nakuja." Kikasikika kitufe kikibonyezwa. Baada ya hapo kulikuwa na ule mvumo tu wa kaseti isiyo na kitu, ssss, mpaka utepe uishe na kitufe kiruke chenyewe.

Mtu mzima angezima. Mimi nilikuwa nimefundishwa ukumbini. Mama amesema ningoje, amesema anakuja, na kimya si mwisho. Nilisikiliza mvumo ule wote, sikugusa kitufe, mikono yangu nimeikunja ili isije ikafanya kosa. Kiliporuka, nilirudisha utepe nikaanza tena. Nilifikiri huenda sikusikiliza kwa makini vya kutosha. Nikawa nafanya hivyo kila siku nikipanda kutoka kwa Bi Hedwig, na sikumwambia mtu.

Majira yale baba alibadilika. Alikuwa akiteremka kupiga simu ya kadi kwenye duka la kona, ingawa simu ya ndani ilikuwepo, akarudi akisugua masikio kwa baridi. Nilimuuliza mama anamaliza chuo lini. Akasema amekwisha kumaliza. Nikauliza, sasa? Akasema, tutaona, mwanangu, kula. Niliondoka na lile neno, amekwisha kumaliza, nikalala nalo. Niliamini nguo zake zimo sandukuni tayari.

Alifaulu mtihani wa Kijerumani wakati huo huo. Bi Hedwig alioka keki, na Anti Wanjiru, Mkenya aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko St. Louis Park na ambaye baba alimheshimu kama dada, alikuja na sufuria ya pilau kusherehekea. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikula, tukacheka, baba akasimulia kwamba kurasa alizopewa zilianza na Satz na kumalizika na Satz, na kwamba alimwona Bi Hedwig kila mstari. Yule mama akafuta macho, akashuka kwake kulala kidogo. Mimi nikabaki sebuleni. Wakubwa wawili wakaenda jikoni na vyombo, na jikoni kwetu palikuwa hatua chache tu, bila mlango.

Anti Wanjiru alikuwa akizungumza chini, lakini sauti yake haikuumbwa kwa kunong'ona. "Na huyu mtoto, umem-tell ama bado?"

"Bado," baba akajibu.

"Huwezi ku-keep mtoto hivyo. Kila siku ananiuliza mum ata-land lini. Mwambie leo, mimi na-drive nyumbani sasa hivi nikuachie nafasi."

Nilisikia neno moja tu katika yote hayo. Bado. Moyo wangu ulitulia kabisa. Ndivyo Bi Hedwig alivyosema alipoishika mikono yangu, na baada yake muziki ulirudi. Nilimuaga Anti Wanjiru kwa furaha hata akanikumbatia kupita kawaida, koti lake likanikwaruza shavu, akaondoka.

Baba alirudi kuosha vyombo. Alikuwa amenipa mgongo, mikono imezama kwenye povu. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu, na theluji kwenye paa la jirani ilikuwa imechafuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikimwangalia bila kuwaza kitu. Akaacha kuosha. Akaitoa mikono ndani ya maji, akaiinua kidogo ili povu lichuruzike, akawa kama anasahau anachofanya. Kisha akaishusha. Akageuka akanitazama.

Nilijua. Sikuwa nimejua chochote mpaka pale, na pale nikajua chote. Niliichukua mikono yangu nikaikalia, nikaigandamiza chini ya mapaja kwa uzito wangu wote. Watu wasipopiga makofi haijaisha. Huo ndio uthibitisho niliokuwa nao, na niliutumia kama alivyonifundisha baba mwenyewe, hatua kwa hatua.

"Mwanangu," alisema, "mama haji."

"Bado," nikamwambia.

"Si bado. Ameamua kubaki kule. Wewe utabaki na mimi, na utakuwa unamsikia, utamtembelea ukikua. Lakini huku haji."

"Sijapiga makofi."

Hakunielewa, angenielewaje. Alinitazama nilivyokaa nimejikunja kama mwenye tumbo la kuuma, akaniuliza ninaumwa wapi. Alianza kueleza tena, kwa maneno mengine, na mimi nikateremka kwenye kiti kabla hajamaliza. Habari nyingine, za mtu mwingine aliyekuwepo katika maisha ya mama, nilikuja kuambiwa nikiwa binti mkubwa, na kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kukasirika kiasi cha kutosha, hazikuongeza kitu. Siku ile sikumkasirikia yeyote. Nilikuwa mpweke tu, upweke wa waziwazi, hata chumba kilionekana kikubwa.

Nilikwenda kwenye redio kaseti. Upande wa pili ulikuwa umo tayari, ulikuwa haujatoka kwa wiki nzima. Nikarudisha utepe mwanzo, nikabonyeza, nikalala kifudifudi mahali pangu. Mama akauliza kama nakumbuka ule wimbo wa shule. Nikasema ndiyo. Akasema ngoja, mwanangu, kuna mtu anapiga hodi, nakuja.

Kisha mvumo. Nilimsikia baba akija. Nilidhani atazima, maana aliusikia kwa mara ya kwanza na alikuwa mtu asiyependa kupoteza umeme. Alisimama juu yangu. Nikamwambia, bila kugeuka, kwamba hapa tunangoja, amesema anakuja.

Baba akakaa. Hakuwa na mazoea ya kukaa chini, magoti yake yalilia. Mikono yake ilikuwa bado na maji, akaiweka juu ya zulia karibu na yangu, na povu likawa linapasuka kidogo kidogo kwenye vidole. Mtu yule alikuwa akijua kwa hakika, kama alivyojua yale ya kitabuni, kwamba ndani ya utepe ule hamkuwa na kitu. Aliusikiliza wote. Mabomba yaligonga, chini paka wa Bi Hedwig akaruka kutoka mahali fulani, dirishani kukaingia giza la saa kumi na moja jioni. Hakuinuka kuwasha taa.

Kitufe kikaruka. Tukabaki tumekaa pale pale, mimi na yeye, na hakuna kati yetu aliyepiga makofi.